Oganiki au ya gengeni? Swali la dada yangu

Nilipotea kidogo, na kazi za chumba cha habari mnazijua: leo uko mahakamani, kesho uko kwenye semina ya watu waliolipwa posho kukuzidi. Ila safari hii ukimya una sababu nyingine. Nina mgeni. Dada yangu amekuja kukaa kwangu hapa Dar, ana ujauzito wa miezi mitano, na nyumba ya bachela imegeuka.

Wiki mbili zilizopita alirudi kutoka kliniki na kadi imeandikwa damu 9.4. Shirika la Afya Duniani linasema mama mjamzito wa miezi kama hiyo akiwa chini ya 10.5 huyo ana upungufu wa damu. Nesi akampa maagizo ya siku zote: meza vidonge, kula mboga za majani, kula matunda. Jioni nikapita gengeni, nikabeba mchicha, nyanya, hoho na chainizi. Nikapika mwenyewe (napika, msicheke). Dada akala ugali na dagaa, mboga akaisogeza pembeni ya sahani.

"Mdogo wangu," akaniambia, "hizi mboga za mjini ni sumu tupu. Nimetumiwa video. Kama huwezi kuninunulia za oganiki, bora niache kabisa."

Hapo ndipo shughuli ilipoanzia. Mshahara wangu haumtoshi hata mtu mmoja asiye na mimba!

Jumamosi nikajikaza nikaenda supamaketi moja upande wa Masaki. Nyanya nusu kilo, zimefungwa kwenye plastiki safi kama zawadi, kwa bei ambayo gengeni kwetu wakati wa msimu nabeba karibu kisado. Nikaigeuza ile plastiki huku na huku kutafuta jina la shamba. Hakuna. Limeandikwa neno moja tu la Kizungu, oganiki, na kijani kingi. Nikamuuliza kijana wa pale zimetoka wapi. "Bosi, hizo ni oganiki." Sawa, lakini zimetoka wapi? "Oganiki."

Jamani, siku hizi mjini kitu chochote kikifungwa kwa kamba ya katani kinaitwa oganiki. Wakati Afrika Mashariki ina kiwango chake rasmi cha kilimo hai tangu mwaka 2007, na kina alama yake, Kilimohai. Mkulima hawezi kujibandikia tu. Ni lazima akaguliwe, ama na kampuni ya ukaguzi, ama na kikundi cha wakulima wenzake wanaotembeleana mashambani na kuchunguzana. Na sehemu kubwa ya mazao yetu ya kilimo hai yamekuwa yakienda nje, kama pamba ya Meatu na kahawa ya Kagera. Kwa hiyo ukiona neno bila alama, wala jina la mkulima, umenunua plastiki.

Nikarudi nyumbani mikono mitupu, nikakaa kusoma. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipitia tafiti zaidi ya 200, wakasema hawaoni ushahidi wa maana kwamba chakula cha kilimo hai kina virutubisho vingi zaidi, ingawa mabaki ya dawa huonekana mara chache zaidi. Mwaka 2014 kundi la Chuo Kikuu cha Newcastle lilisema tofauti ipo, hasa kwenye viondoa sumu vya mimea na kwenye madini ya kadimiamu. Wanabishana mpaka leo. Lakini madaktari wa watoto wa Marekani, nao mwaka 2012, walisema neno ambalo nilimsomea dada kwa sauti: la kwanza ni kula mboga na matunda kwa wingi, ziwe za kilimo hai au za kawaida.

"Hao madaktari wanaishi Marekani," dada akanijibu. "Kuna mtu anawapimia nyanya zao. Zangu anapima nani?"

Hapo nilinyamaza. Nilinyamaza kwa sababu zinakotoka nyanya zake mimi napajua.

Mwaka jana, mwezi wa nane, nilikwenda Mgeta kumsalimia mjomba. Kwetu Uluguruni mjomba si mtu wa kusalimiwa kwa simu. Ukoo na ardhi vinafuata upande wa mama, kwa hiyo yeye ndiye mzee wangu hasa. Nikamkuta shambani anajaza bomba la kupulizia dawa.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Hebu pita upande ule, upepo unakuja kwako."

Alikuwa pekupeku. Mdomoni amejifunga fulana. Alichanganya dawa tatu kwenye ndoo moja kwa kijiti: moja ya ukungu, moja ya kantangaze, na ya tatu hajui jina, dukani walimwambia tu kwamba ni kali. Kantangaze (jina zuri kwa mwandishi wa habari, au siyo?) ni kale kadudu kanakotoboa nyanya na majani yake, wataalamu wanakaita Tuta absoluta. Asili yake Amerika Kusini, hapa nchini kaliingia mwaka 2014. Kamekuwa sugu kwa dawa nyingi, kwa hiyo wakulima wanaongeza, wanachanganya, wanarudia.

Nikamuuliza anavuna lini. Kesho kutwa, gari likija. Nikachukua kopo, nikasoma yale maandishi ya mchwa. Kila dawa ina siku zake za kusubiri kati ya kupuliza na kuvuna, nyingine chache, nyingine wiki, nyingine wiki mbili. Nikamwonyesha. Akacheka.

"Mjomba, kopo hilo halijui bei ya Ilala."

Usiku tulikula ugali na mnafu uliokaangwa kwa nyanya. Nikauliza kama ni nyanya za lile shamba. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. "Hizi za nyuma ya jiko. Hizi hazijapigwa kitu."

Msimuone mjomba mtu mbaya. Mbegu na dawa amekopa, na mchuuzi anayepandisha gari Mgeta akiona tundu moja kwenye nyanya anakata bei ya tenga zima. Na yule mchuuzi anatuogopa sisi. Nani kati yetu amewahi kusimama gengeni akachagua kabichi yenye matundu? Tunanunua kwa macho, halafu tunashangaa kwamba tumeuziwa macho.

Na tukizungumzia sumu, dozi kubwa haikuwa kwenye sahani ya dada. Ilikuwa mgongoni kwa mjomba. Usiku ule kichwa kilimuuma mpaka akalala mapema, mikono inamwasha, akasema ni uchovu. Mimi ninayeandika habari za afya kila wiki nilikaa kimya, na asubuhi nikapanda basi. Hilo bado linanisumbua.

Sasa tuje kwenye sufuria, maana dada anasubiri.

Anza na nyanya. Lile vumbi jeupe la kijivujivu unaloliona gengeni mara nyingi ni dawa ya ukungu, na inayotumika sana ni mancozeb. Dawa hii hukaa juu ya ganda, haipenyi sana ndani, kwa hiyo maji yanayotiririka na mikono inayosugua vinaondoa sehemu kubwa, na kumenya ganda kunaondoa zaidi. Wengi tunaamini moto unamaliza kila kitu. Kwa hii haumalizi. Ikichemshwa, sehemu yake hugeuka kuwa kemikali iitwayo ETU, ambayo ndiyo hasa inayowatia wasiwasi wataalamu, zaidi kwa wajawazito. Umoja wa Ulaya uliamua kuiondoa mancozeb sokoni mwaka 2020. Kwa hiyo osha kabla ya kupika, menya, ndipo ukaange. Kuna dawa nyingine hunywewa na mmea na kuingia ndani ya tunda. Hizo huoshi wala humenyi. Ndiyo maana nyanya, hoho na kabichi, mazao yanayopigwa dawa mara nyingi, ndipo ninapoona hela ya ziada ina maana, kama unayo na kama unamjua muuzaji. Chainizi naiweka humo humo, maana wadudu wanaipenda kuliko sisi.

Parachichi je? Hapana. Ganda unatupa. Nanasi, ndizi, tikiti, nazi, vivyo hivyo. Kitunguu unakimenya tabaka mbili tatu. Mihogo na magimbi wakulima wengi hawayapigi dawa hata kidogo, si kwa sababu wamesoma kilimo hai, bali kwa sababu hakuna mwenye hela ya kupulizia muhogo. Mtu anayekuuzia parachichi la oganiki kwa bei mara tatu anakuuzia ganda. Wamarekani wana orodha yao maarufu inayotolewa kila mwaka na Environmental Working Group, na parachichi na nanasi ziko upande wa salama, stroberi na spinachi upande wa hatari. Ni orodha nzuri kwao, lakini imetokana na vipimo vya masoko yao. Hapa kwetu anayekula stroberi kila siku hahitaji ushauri wangu.

Halafu kuna jambo ambalo video ya dada haikuligusa kabisa, nalo ni maji. Watu wa Dar tunakula majani yanayolimwa mabondeni, kando ya mito na mitaro. Wanaokumbuka mchicha wa bonde la Msimbazi wanajua ninachosema: mto unaopokea maji ya viwanda, gereji na vyoo, na tafiti za miaka mingi zimekuta madini mazito kama risasi kwenye mboga za pale. Risasi iliyokwishaingia kwenye jani haitoki kwa kuosha, na kwa mtoto aliye tumboni si jambo dogo. Mkulima wa bondeni anaweza asipige dawa hata tone, akatumia samadi peke yake, akajiita oganiki kwa moyo safi, na bado mchicha wake nisimpe dada yangu.

Na samadi mbichi nayo si malaika. Mwaka 2011 huko Ujerumani watu zaidi ya 50 walikufa kwa bakteria wa E. coli, na chanzo kilifuatiliwa hadi kwenye mbegu zilizooteshwa na shamba la kilimo hai. Shamba halikuwa na kosa la dawa, na mbegu zenyewe zilishukiwa kutoka mbali, Misri. Ila vile vichipukizi vililiwa vibichi. Kachumbari na saladi vinataka kuoshwa vizuri hata kama cheti kimening'inizwa ukutani.

Ndiyo maana kwa mtazamo wangu neno oganiki ni swali la tatu. La kwanza, ni zao gani. La pili, limenyweshwa maji gani na kupigwa dawa lini. Mama wa genge ninaponunua sasa ananijua, akiniona anacheka: "Amekuja mwandishi na maswali yake." Lakini ananiambia! Mchicha wa kisima cha Bunju uko upande huu, ule wa kule sijui. Ile "sijui" yake imenisaidia kuliko plastiki ya Masaki.

Hesabu yetu ya wiki imekaa hivi. Chainizi na kabichi tumeziacha mpaka dada ajifungue, tumehamia matembele na kisamvu, mboga zinazojiotea hata ukizisahau. Kwa kuwa matembele yanakubali kukaa kwenye kiroba, nimepanda viroba vinne barazani, na baba mwenye nyumba ameguna lakini hajakataa. Nyanya tunanunua gengeni, zinaloweshwa kwenye maji yenye bikabonati ya soda kwa robo saa, zinasuguliwa, zinamenywa. Hiyo robo saa sikuitunga: mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Massachusetts waliijaribu kwenye matofaa na mabaki ya juu yakatoka kuliko kwa maji matupu, ingawa yaliyopenya ndani ya ganda yalibaki. Matunda tunanunua popote. Na mara moja kwa wiki tunanunua hoho na karoti kwa kikundi kimoja cha wakulima chenye alama ya Kilimohai, bei inauma, lakini nawajua kwa sura na mmoja wao alishanionyesha kisima.

Mjomba nimempigia simu. Nikamwambia kuhusu glavu, buti, na ile dawa isiyo na jina. Akasikiliza kwa adabu ya mtu mzima anayefundishwa na mtoto. Kisha akauliza, "Huko mjini, nikileta tenga la nyanya zenye matundu, utaninunulia wewe?" Nikasema nitanunua. "Tenga zima?" Nikasema nitatafuta wenzangu. Sasa nawatafuta. Kama uko Sinza, Mwenge au Ubungo na huogopi tundu kwenye nyanya, niandikie, tuone kama tunaweza kufikisha tenga mbili kwa wiki. Ameahidi kutenga vipande vitatu vya tuta bila bomba, kwa majaribio.

Jana nilikwenda stendi ya Mbezi kupokea kiroba alichotuma kwa basi. Mnafu, majani ya maboga na nyanya ndogo za kienyeji. Dada alikifungua, akanusa, akampigia mzee mwenyewe.

"Shikamoo mjomba. Hizi ni za shambani au za nyuma ya jiko?"

Sikusikia jibu, ila jana usiku alikula sahani mbili. Kliniki ni Alhamisi.