Wembe wa penseli si bunduki: ulizeni kabla ya kufukuza

Ndugu zetu wa Base Camp, Juru na Rubondo, wazazi, walimu, na wewe mwanafunzi unayesoma hii kwenye simu ya kaka yako: leo tunaongea kitu ambacho kimetuuma.

Muhula uliopita mtoto wa darasa la tano alisimamishwa getini na begi lake likafunguliwa. Ndani kulikuwa na daftari tatu, kikombe cha uji na kipande cha wembe kimefungwa kwenye karatasi. Ni kipande tu, maana nyumbani kwao wembe mmoja unavunjwa mara mbili, huyu achongee penseli na dada yake achongee. Kila mtu aliyesoma Nakivale anaujua wembe huo. Mwalimu wa zamu akasema sheria ni sheria: kitu chenye makali ni silaha, na kwa silaha hakuna kuvumilia hata kidogo. Mtoto akarudishwa nyumbani wiki mbili na barua ya Kiingereza mkononi. Baba yake anasoma Kifaransa na Kiswahili.

Shule hatuitaji jina, maana shida hii si ya shule moja.

Tulienda kwao mara tatu. Mama alituambia: "Batoto yangu, mie hawakuniita. Nilimuona tu anarudi saa tatu asubuhi, analia." Papa hakusema mengi. Alisema shule inayomuona mwanawe kama adui haiwezi kumlinda. Wiki mbili zikaisha, mtoto hakurudi. Halafu papa akamtoa na dada yake, aliye darasa la saba. Leo kijana anabeba madumu ya maji ya watu kwa pesa kidogo, na dada anakaanga mandazi. Mwezi wa 11 wenzake wataingia kwenye mtihani wa PLE. Yeye je?

Yani hesabu ni hii: wembe mmoja umeondoka shuleni, na watoto wawili wameondoka nao.

Tusieleweke vibaya. Sisi hatutetei silaha. Wengi wetu tuko hapa sababu ya silaha. Tunajua kilichotokea Mpondwe, kule Kasese, usiku wa tarehe 16 Juni 2023, waasi wa ADF walipovamia shule ya sekondari na watu zaidi ya 40 wakauawa, wengi wao wanafunzi. Baada ya usiku ule mzazi gani asingetaka geti na mlinzi? Sisi pia tunataka. Lakini wauaji wa Mpondwe hawakutoka darasa la tano. Walitoka nje, usiku, na bunduki na mapanga. Ukipekua kikombe cha uji hujawazuia hao.

Na walimu wetu wajue wazazi hawa wametoka wapi. Kuna wazee wa Burundi hapa kambini ambao mwaka 1972 waliona wanafunzi Wahutu wakichukuliwa mashuleni na wasirudi. Kuna familia zinazokumbuka Kibimba, Oktoba 1993, wanafunzi Watutsi walipochomwa moto. Kuna mama wa Masisi na Rutshuru ambao wamewaona watoto wakitolewa shuleni kwenda kubeba bunduki za vikundi. Kwa watu hao, mtoto kuitwa jina mbele ya mstari na kutengwa na wenzake si jambo dogo la nidhamu. Mwili unakumbuka. Halafu wewe unawatumia barua ya lugha wasiyoisoma, unashangaa hawaji shuleni kuuliza. Watakuja kuuliza nini, kwa lugha gani?

Ndo maana wenye ndugu nje ya nchi wanapeleka watoto wao kwenye shule za kulipia Mbarara. Wengine wanawaficha kwenye shule ndogo za jamii. Na asiye na kitu anamkalisha mtoto nyumbani. Shule ya serikali inabaki inalalamika kwamba wakimbizi hawapendi elimu. Si kweli! Mtu aliyetembea kutoka Fizi akiwa amebeba daftari la mwanawe kwenye mfuko wa nguo, huyo humwambii hapendi elimu.

Sheria hii ya kutovumilia wala haikuzaliwa hapa. Marekani mwaka 1994 walipitisha sheria kwamba mwanafunzi akileta bunduki shuleni afukuzwe angalau mwaka mzima. Hata sheria hiyo kali iliacha nafasi kwa mkuu kuangalia kila kesi peke yake. Lakini shule nyingi zikaipanua, kutoka bunduki hadi kisu, kutoka kisu hadi vitu vya kuchekesha. Mwaka 2009, jimbo la Delaware, mtoto wa miaka 6 alikuja na kifaa cha kupigia kambi chenye kijiko, uma na kisu, akalie chakula chake cha mchana. Alipangiwa siku 45 kwenye shule ya watoto wenye makosa. Watu wakapiga kelele mpaka bodi ya shule ikabadilisha kanuni kwa watoto wadogo. Na kamati ya chama cha wanasaikolojia wa Marekani, iliyochunguza sheria za aina hii, ilichapisha mwaka 2008 kwamba haikuona ushahidi kuwa zimefanya shule kuwa salama zaidi. Wao wenye pesa na kamera wameanza kuziacha. Sisi tunazikumbatia za nini?

Na hapa kwetu zinachekesha zaidi. Shule ileile inayomfukuza mtoto kwa kipande cha wembe ndiyo inayomwandikia mwanzo wa muhula alete jembe au slasha ya kufyeka uwanja. Ijumaa watoto mia wanapita getini na slasha mabegani, hakuna anayeshtuka. Bikari ya hesabu ina ncha ya kutoboa jicho, na mtoto asipokuwa nayo anagombezwa. Kumbe tunajua vizuri sana kutofautisha chombo na silaha. Tunaangalia ni cha kazi gani, kiko kwa nani, na alikuwa anakwenda kufanya nini. Kwa nini akili hiyo ife siku ya kupekua begi?

Kuna kesi nyingine, hiyo ni ngumu, na hatuifichi. Shule nyingine, msichana wa miaka 14 alikutwa na kisu cha jikoni ndani ya soksi. Hicho hakikuwa cha viazi. Kilikuwa silaha na yeye mwenyewe alikubali. Lakini pale kulikuwa na mwalimu mlezi wa wasichana, akaomba dakika kumi kabla ya barua kuandikwa. Akamuuliza swali moja: "Binti yangu, hiki ulitaka kumkata nani?" Msichana akalia, akaeleza. Anakaa mbali, anarudi giza linaingia, na njiani kuna wanaume wawili wanaomsumbua kila siku. Kisu kikachukuliwa, hiyo sawa kabisa. Lakini mzazi akaitwa siku hiyohiyo, na mtu wa kutafsiri, na viongozi wa RWC wa kijiji wakaambiwa kuhusu hao wanaume. Sisi vijana tukapanga watoto wa upande ule watembee pamoja na tukawasindikiza kwa zamu. Msichana yuko darasani mpaka leo, na hana kisu tena, maana hana haja nacho.

Mnaona tofauti? Aliyekuwa na silaha kweli amebaki shuleni na ameacha silaha. Aliyekuwa na kifaa cha penseli amepotea. Kilichowatenganisha ni swali moja lililoulizwa huku na halikuulizwa kule.

Tunajua walimu watatujibu. Watasema: nyinyi hamjui, darasa moja lina watoto zaidi ya 100, kiboko sheria ya 2016 imekataza, sasa tukiacha na kufukuza tutashika nini? Tunawasikia. Tumeingia kwenye madarasa hayo kusaidia, tumeona mwalimu mmoja na watoto wanaokaa hadi chini ya ubao. Lakini kufukuza hakupunguzi kazi ya mwalimu, kunaihamishia barabarani. Mtoto aliyekaa nyumbani wiki mbili anajifunza kwa wale wasioenda shule kabisa, na huko ndiko visu viliko kweli.

Na wazazi pia tuwaambie ukweli, papa na maman zetu, kwa heshima. Usimpe mtoto kisu eti ajilinde. Ukimpa, umemweka hatarini wewe mwenyewe. Na ukikasirikia shule usimalizie hasira kwa mtoto. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inasema elimu ya msingi ni haki ya mtoto wako sawa na ya mtoto wa Mganda. Ukimtoa, umewaachia kiti chake bure. Nenda ukadai. Kama unaogopa lugha, tuite, tutaenda na wewe.

Kwa hiyo tunaomba mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji pesa ya mfadhili.

Kwanza, kanuni ya silaha isomwe kwenye mkutano wa wazazi kwa Kiswahili, Kinyarwanda, Kirundi na Kisomali, siyo Kiingereza peke yake. Iseme wazi kipi ni silaha na kipi ni kifaa.

Pili, mtoto aulizwe kabla ya kuadhibiwa, mbele ya mwalimu mlezi, asiaibishwe mbele ya mstari.

Tatu, mzazi aitwe siku hiyohiyo. Watafsiri tuko, tunajitolea, hatudai hata nauli ya boda.

Nne, nyembe za penseli zikae kwa mwalimu kwenye kopo, wachonge asubuhi wazirudishe. Basi! Kopo moja lingeokoa watoto wawili.

Jumapili hii tunarudi mara ya nne kwa yule papa. Hatuna barua wala pesa. Tunaomba mwalimu mmoja, mmoja tu, atembee na sisi mpaka pale, akae kwenye benchi nje ya nyumba, amuulize huyo mzee habari za mtoto wake. Binti bado ana daftari zake, ameziweka juu ya kabati, mbali na mafuta ya mandazi. Tumeziona.

Ukiwa mwalimu na umesoma mpaka hapa, tuandikie. Ukiwa mzazi, msomee jirani asiyejua kusoma.

Sisi vijana wa kujitolea, Nakivale