MBIO ZA VIUNZI ZISIFUTWE TENA

Kila mwaka shule yetu ikiandaa mashindano ya riadha, mbio za kuruka viunzi hufutwa kwenye orodha. Sababu ni ile ile: hatuna viunzi. Kisha twaenda kushindana na shule nyingine, tukipeleka vijana ambao hawajawahi kuvuka hata kimoja. Wakishindwa, utasikia ati sisi wa Kegonga miguu yetu ni ya kupanda milima tu.

Mimi nakataa kabisa! Mwaka wa 1972 kule Munich, polisi mmoja kutoka Uganda, John Akii-Bua, alishinda mita 400 kuruka viunzi kwa sekunde 47.82. Ndiye binadamu wa kwanza kukimbia mbio hizo chini ya sekunde 48, na ndiye aliyeiletea Uganda dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki. Tena alipewa njia ya kwanza, ile ya ndani kabisa yenye kona kali. Mwaka wa 2015 huko Beijing, Mkenya mwenzetu Nicholas Bett akawa bingwa wa dunia kwa sekunde 47.79. Yeye alikimbia njia ya tisa, ya nje kabisa, asikoweza kuwaona wapinzani wake. (Bett alifariki katika ajali ya barabarani mwaka wa 2018. Mungu amrehemu.) Mwaka wa 2016 Boniface Mucheru Tumuti naye akatwaa fedha huko Rio. Sasa nani bado anasema Mkenya ni wa mbio ndefu peke yake?

Wenzetu wa bweni hufanya mazoezi jioni. Sisi wa kutwa, kengele ya mwisho ikilia, ni mbio nyumbani: kuna maji, kuna ng'ombe, kuna tumbaku ya kupalilia. Nafasi yetu ni kile kipindi cha michezo kilicho kwenye ratiba, na aghalabu kipindi hicho huliwa na hesabu. Walimu wa hesabu watanisamehe, lakini viunzi navyo ni hesabu. Vipo kumi. Cha kwanza kiko mita 45 kutoka mwanzo, vinavyofuata vinaachana kwa mita 35, halafu zabaki mita 40 za kumalizia. Asiyehesabu hatua zake hufika mbele ya kiunzi na mguu usiofaa, basi kwisha!

Gharama nayo si kisingizio. Fundi anayetengeneza madawati yetu anaweza kuunda viunzi kwa mbao. Kwa wanaume kimo ni sentimita 91.4, kwa wanawake 76.2. Miguu yake ielekee upande anakotoka mkimbiaji, ili kikigongwa kianguke mbele. Wengi hapa hudhani ukiangusha kiunzi umetolewa, kumbe kukiangusha peke yake hakukutoi. Ile kamba tunayofungiwa kwenye vijiti viwili ndiyo hatari, kwani haianguki.

Tunaomba vinne tu kwa kuanzia, na vya wasichana visisahauliwe.