Kicheko Katika Kitabu cha Tarikhi



Mtoto akiambiwa ahifadhi majina ya wafalme na miaka yao, husinzia kabla ya Isha. Lakini akisimuliwa kisa cha Abunuwasi na Harun Rashid, usingizi humruka, na wazee nao huacha shughuli zao wakasikiliza. Basi kosa si la tarikhi, bali ni la namna tunavyoisimulia.

Huko Uingereza yuko mwandishi aliyelifahamu jambo hili, jina lake Terry Deary. Mwaka 1993 alianza kutoa vitabu viitwavyo Horrible Histories, yaani Tarikhi za Kutisha, naye Martin Brown akavitia picha za kuchekesha. Humo mtoto husoma jinsi Wamisri wa kale walivyoutoa ubongo wa maiti puani kwa kulabu, na jinsi Mfalme Henry wa Nane alivyooa wake sita, wawili wakakatwa vichwa kwa amri yake. Hayo yote yalitokea kweli. Vitabu hivyo vimeuzwa kwa mamilioni, na mwaka 2009 vikatolewa michezo katika televisheni ya BBC, wakaitazama wazazi na watoto pamoja.

Lakini mzaha una utelezi wake. Katika mchezo mmoja, Florence Nightingale, muuguzi mashuhuri wa Vita vya Krimea, alionyeshwa akimkataa Mary Seacole kwa kuwa ni mtu wa Jamaika. Ni kweli kwamba Seacole alikataliwa na wengine alipoomba kazi London. Lakini mwaka 2014 baraza lililokuwa likiisimamia BBC liliamua kuwa mchezo ule haukuwa sahihi. Je, ni watoto wangapi waliokwisha kucheka na kuamini?

Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa akifanya mzaha na Masahaba, wala katika mzaha wake hakusema ila kweli. Na sura ya Hujurat yatukataza kuwadharau watu wengine. Hiyo ndiyo mizani yetu.

Kwa hiyo, enyi wazazi, msiwanyang'anye watoto vitabu vya namna hii, wala msiwaachie wavisome peke yao. Keteni nao, mcheke pamoja, kisha muwaulize: Lipi hapa limetokea, na lipi ni mzaha? Tunamcheka nani, dhalimu au mnyonge? Mtoto aliyezoea maswali hayo hatadanganywa kwa urahisi akiwa mtu mzima.

Nasi pwani hatukukosa ya kuchekesha. Ibn Battuta alipopita Mogadishu na Kilwa mwaka 1331, aliandika kwamba mtu mmoja wa Mogadishu hula chakula cha kundi zima la wageni! Vijana wenye kalamu na wenye kujua kuchora, kazi hiyo yawangoja.

Mwenyezi Mungu atujaalie kicheko chenye ukweli ndani yake. Amin.