Kocha Akifukuzwa, Nani Analipa?



Timu ya watoto ikishindwa mechi mbili, maneno huanza pembeni ya uwanja: "Kocha huyu aende!" Na sisi mama ndio tunaochanga feza za jezi, za maji, za usafiri na za kumshukuru kocha. Juma hili tuongee basi juu ya bei ya kumfukuza kocha, na wakati wa kufanya hivyo.

Hatujasahau tarehe 7 Februari 2024. Wakati wa wimbo wa taifa, Leopards wetu walifunika kinywa kwa mkono mmoja na kuelekeza vidole viwili kichwani, ili dunia ione mateso ya Mashariki. Siku ile Côte d'Ivoire walitushinda 1-0 katika nusu fainali ya Kombe la Afrika. Majuma mawili tu mbele ya hapo walikuwa wamebadilisha kocha. Guinea ya Ikweta iliwapiga 4-0 nyumbani kwao, Jean-Louis Gasset akaondoka, msaidizi wake Emerse Faé akashika kazi, na tarehe 11 Februari wakabeba kombe.

Wengi wanachukua mfano huo na kusema: fukuza, utashinda. Lakini Faé alikuwa tayari ndani ya nyumba, anawajua wachezaji. Tena timu ilipona kwa bahati: ilipita kundi kati ya timu bora za nafasi ya tatu.

Tutazame Kenya. Mwaka 2014, kisha kutolewa na Lesotho, shirikisho lao lilimfukuza Adel Amrouche wakati mkataba wake ulikuwa bado na miaka mbele. Alishitaki. Mwishowe iliamriwa alipwe shilingi za Kenya karibu milioni 109, yaani karibu dola milioni moja. Deni lilikaa mpaka mwaka 2020, FIFA ikatishia kuiondoa Kenya katika michuano ya kufuzu Kombe la Dunia la 2022. Waliopata deni hilo mezani hawakuwa wale waliofukuza. Kweli, majuto ni mjukuu.

Hata matajiri wanaumia. Marekani, chuo kikuu cha Texas A&M kilimwachisha Jimbo Fisher, kocha wa mpira wa Kimarekani, mnamo Novemba 2023. Mkataba wake ulidai alipwe dola karibu milioni 76 za kukaa bila kazi.

Na sisi? Juni 2022 Leopards walishindwa na Gabon na Sudan, mechi mbili za kwanza za kufuzu. Héctor Cúper akaondolewa, na Agosti akaja Sébastien Desabre. Mechi za kufuzu ziliendelea Machi 2023 tu, kwa hiyo mgeni alipata miezi ya kujuana na vijana. Wakaongoza kundi lao. Kwenye kombe lenyewe walianza kwa sare tatu mfululizo, na hakuna aliyeguswa. Kisha wakaitoa Misri kwa penalti, wakaipiga Guinea 3-1, wakamaliza wa nne.

Kumbe mabadiliko yanafaa pale ambapo kuna mtu wa kushika kazi, kuna muda wa kujifunza, na deni la anayeondoka linajulikana. Kwa hiyo kabla ya kuinua mikono katika mkutano, tumuulize Mama Presida: tulipatana nini na kocha, na je, iliandikwa? Tunamwia miezi mingapi? Kesho asubuhi nani atasimama na watoto? Majibu yakikosekana, tungoje mwisho wa mashindano. Feza za kumlipa anayeondoka na anayeingia kwa mara moja zitatoka katika mfuko uleule wa likelemba unaosaidia masomo na dawa.

Lakini kuna jambo moja lisilongoja. Kocha anayepiga watoto, anayewatukana, au anayemwita binti peke yake mahali pa siri, huyo aondoke leo, hata kama timu inaongoza, na mambo yake yafikishwe kwa wanaohusika. Hapo hatuhesabu mechi wala faranga. Mechi iliyopotea tutaicheza tena mwaka ujao. Mtoto aliyeumizwa tutamrudishia nini?