Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Makumbusho ya Taifa: ndege za Kagera zisiishie kuwa masufuria

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Yah: Ndege za kivita zilizostaafu

Huku kwetu Tandika alumini haina ukoo. Mlango wa daladala, fremu ya dirisha, bloku ya injini, vyote vinapanda mizani, vinalipwa kwa kilo, vinaingia tanuruni na kutoka masufuria. Ndege ya kivita ikishakatwa vipande nayo ni alumini tu, na mnunuzi wa vyuma chakavu haulizi iliruka wapi. Ndiyo maana nakuandikia mapema, na nakala nampelekea Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi.

Naomba Makumbusho na Jeshi mkae meza moja, mchague walau ndege moja ya kila aina kati ya zile zilizokwisha kustaafu, na mzihifadhi. Sisemi zirushwe. Kuirudisha angani ndege ya umri huo kunataka vipuri ambavyo havitengenezwi tena, na fedha ambazo zina kazi nyingine. Isimame chini ikiwa kamili, watoto waizunguke.

Wapo watakaosema hayo ni mabati ya vita. Mimi naona ndege hizo zikipangwa mstari mmoja zitaeleza siasa yetu ya nje kuliko hotuba nyingi. Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) lilizaliwa Septemba 1, 1964, na waliotangulia kutusaidia upande wa anga walikuwa Wajerumani wa Magharibi. Mwaka uliofuata wakafungasha virago, kwa sababu Mwalimu Nyerere alikataa kupangiwa namna ya kuishi na Ujerumani Mashariki. Wakaingia Wakanada na ndege zao za Otter na Caribou. Kisha Wachina wakatufundishia marubani, wakatujengea uwanja wa Ngerengere, wakaleta na jeti. Zikaja pia MiG-21 za Kisovieti. Mwanafunzi anakariri kutofungamana na upande wowote ili afaulu mtihani. Mbele ya ndege hizo angeweza kuipapasa siasa hiyo kwa mkono.

Halafu kuna Vita vya Kagera. Majeshi ya Idi Amin yalipovuka mpaka mwishoni mwa Oktoba 1978, ndege za Uganda zilidondosha mabomu Ziwa Magharibi, kama mkoa ule ulivyoitwa wakati huo. Machi 1979 ndege aina ya Tupolev ya Libya, iliyokuwa ikimsaidia Amin, ilitumwa kuipiga Mwanza, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua wanyama wasio na ugomvi na mtu. Tunawakumbuka askari wa miguu, na ni haki yao; makaburi ya Kaboya yapo. Lakini fundi wa ndege aliyekesha uwanjani na tochi mdomoni, akifunga boliti ili rubani aondoke alfajiri, hana hata kipande cha bati cha kumwonyesha mjukuu wake.

Sasa niseme kama fundi bodi. Kutu ya chuma inajitangaza kwa wekundu wake. Ya alumini ya ndege ni ya kimyakimya: rangi inafura malengelenge kuzunguka riveti, ukikwangua unakuta unga mweupe, na ukichelewa bati linaachana tabaka kwa tabaka kama chapati. Upepo wetu wa chumvi unaiharakisha. Kwa hiyo paa kwanza, mambo mengine baadaye. Ndege inyanyuliwe juu ya stendi ili matairi yasibebe uzito. Matundu ya kutolea maji chini ya tumbo yazibuliwe, na mdomo wa injini uzibwe kwa wavu, maana kunguru na nyigu hawangoji kukaribishwa.

Na tafadhali sana, msiikabidhi kwa mtu mwenye kopo la rangi ya geti. Mwaka 2012, kwenye jangwa la Misri, ilikutwa ndege ya Jeshi la Anga la Uingereza aina ya Kittyhawk iliyoanguka Juni 1942. Miaka 70 ya mchanga na jua ilikuwa imeandikwa mwilini mwake. Ilipopelekwa kwenye makumbusho ya El Alamein ilipigwa rangi mpya, na wajuzi wa ndege wakalalamika kweli kweli. Nawaunga mkono. Rangi ya zamani, namba iliyofifia, kiraka kilichopigwa vitani, hivyo ndivyo vinavyofanya ndege iwe ushahidi. Ukivifuta unabaki na sanamu ya kwenye mzunguko wa barabara.

Usalama nao usipuuzwe. Sisi wa Temeke tuliona mabomu ya ghala la Jeshi la Mbagala yakilipuka Aprili 29, 2009, na wenzetu wa Gongo la Mboto wakayaona Februari 16, 2011. Kiti cha rubani cha jeti ya kivita hurushwa kwa baruti. Baruti hiyo itolewe na wataalamu wa Jeshi, na wananchi tuambiwe kwa maandishi kwamba imetolewa. Vilevile mishale na namba za vipimo vya ndege za zamani mara nyingi zilipakwa rangi ya kung'aa gizani yenye radiumu. Tume ya Nguvu za Atomiki ije ipime kabla mtoto hajaingizwa kwenye chumba cha rubani.

Pa kuziweka pasitusumbue. Kijiji cha Makumbusho pale Kijitonyama ni chenu, ila jeti katikati ya nyumba za msonge, hapana. Napendekeza viwanja vya Sabasaba, Barabara ya Kilwa, ambako watu wamezoea kwenda na familia. Kazi wapewe vijana wa VETA Chang'ombe na wanaosomea matengenezo ya ndege Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Mabibo, wakisimamiwa na mafundi wastaafu wa Jeshi wangali hai.

Sheria peke yake haitazilinda. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na wakati huo hata baiskeli ilikuwa bado kitu kigeni. Kwa vitu vipya zaidi, Waziri ndiye mwenye uwezo wa kutangaza kwenye Gazeti la Serikali. Mshaurini atangaze. Kabla ya Siku ya Mashujaa ijayo, Julai 25, tupeni orodha: aina ya ndege, namba yake, na hali yake. Ile itakayokuwa na hali mbaya kuliko zote, anzeni nayo.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Fundi bodi, Tandika, Temeke