Kabla ya kujenga banda Pito, fikiria sauti ya ndege wako

Swali ninaloulizwa sana ni hili: "Afisa, nifuge nini cha nyama kitakachonilipa haraka?" Kwa Pito ya sasa, ambako banda lililokuwa pembeni ya mahindi linaweza kupakana na chumba cha kulala cha mtu, swali hilo halitoshi. Mimi ningeanza na lingine: huyu ndege ana kelele kiasi gani?

Kwani kelele ni hasara. Chukua majogoo mia wa chotara, Saso au Kuroila. Kawaida wanaanza kuwika kati ya wiki ya 12 na ya 16, na hapo ndo unasubiri waongeze uzito. Jirani akienda kwa mwenyekiti wa mtaa, ukapewa siku chache uwaondoe, mnunuzi akijua una haraka bei anapanga yeye. Wapo wanaosema jirani azoee, mbona kijijini majogoo wanawika na hakuna anayelalamika? Kijijini ni majogoo wawili watatu. Wewe una mia. Kama umeamua chotara, uza majogoo kabla ya wiki ya 12, ubaki na matetea.

Kanga sishauri kabisa kwenye kiwanja cha mjini. Nyama yake tamu, ila akiona paka tu mtaa mzima unajua. Kware ana sauti ndogo, na nyama ndogo vilevile, halafu Kenya mwaka 2014 tuliona bei yake ilivyoporomoka watu wote walipomkimbilia.

Chaguo langu ni bata. Namaanisha huyu mwenye nyama nyekundu usoni, ambaye vitabuni anaitwa Muscovy. Dume lake linatoa sauti kama tairi la baiskeli linalovuja, na jike ni mtulivu. Usimchanganye na bata mweupe aina ya Pekin, jike wake ana makelele haswa. Dume la Muscovy likilishwa vizuri linafika kilo 4 na zaidi, jike karibu nusu yake. Ana shida zake: mayai yanaatamiwa siku 35, si 21 kama ya kuku, kunyonyoa manyoya ni kazi, na wateja ni wachache kuliko wa kuku. Kwa hiyo anza na majike watano na dume mmoja, huku ukitafuta soko. Punguza manyoya ya bawa moja, maana anaruka, na akitua kwenye maharage ya jirani umeanzisha kesi nyingine. Bwawa si lazima. Chombo cha kumwezesha kuzamisha kichwa kinatosha, ila kiweke juu ya changarawe, la sivyo uwanja unageuka tope linalonuka.

Anayetaka hela ya haraka afuge broila. Anauzwa wiki ya 5 au ya 6, hajajua hata kuwika. Lakini baridi yetu ya Juni na Julai mnaijua. Vifaranga wanalia usiku kucha na watu wanadhani ndo tabia yao. Hapana! Kifaranga anayelia kwa nguvu huku wenzake wamerundikana chini ya jiko ana baridi. Wiki ya kwanza anahitaji nyuzi 32 hadi 35. Huna kipimajoto? Watazame: wakitawanyika na kutulia, joto linatosha, wakikimbilia kutani wakihema, limezidi. Ziba upande wa upepo kwa magunia, ila juu acha hewa ipite, jiko la mkaa kwenye banda lililofungwa linaua. Ukiwapatia joto wananyamaza, na vifo vinapungua.

Halafu kabla hujaleta vifaranga, piga hodi kwa jirani umweleze banda litakaa wapi. Usiliweke upande wa dirisha lake, hata kama huko ndiko kwenye jua.