MPUNGATE HAUFI KWA PANGA

Ndugu zetu wafugaji wa Doldol, huko Laikipia, wana adui asiyelala. Ni mpungate, mti wa miiba uliotoka Amerika. Ulipandwa huko na afisa wa serikali ya kikoloni uwe ua. Afisa alikwenda zake. Ua umebaki, na sasa ni msitu juu ya malisho.

Tembo na nyani hula matunda yake na kueneza mbegu. Mbuzi naye hula, maana nyasi hakuna. Vimiiba vyembamba kama nywele humchoma ufizi, ulimi na matumbo, hata hashiki tena chakula, akafa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, karibu nusu ya wafugaji walioulizwa walikadiria hasara ya dola 500 hadi 1,000 kwa mwaka kwa kila kaya. Hiyo ni karo ya watoto.

Wako wanaosema, tushike panga. Twawaambia kweli ingawa haipendezi: kila kipande kinachoanguka chini hutoa mizizi. Umekata mmoja, umepanda kumi.

Mwaka 2014 aliletwa Laikipia mdudu aitwaye kochinili. Hufyonza maji ya mpungate mpaka ukanyauka, naye hujifunika utando mweupe kama pamba. Watu huuliza, na wana haki kuuliza: akimaliza mpungate, hatahamia mahindi yetu? Hahamii. Chakula chake ni mpungate. Ukiisha, naye hufa.

Wala si ndoto. Australia, mpungate ulikuwa umefunika kiasi cha eka milioni 60, wakulima wakahama mashamba. Mwaka 1925 walileta nondo kutoka Argentina, na haikupita miaka 10 sehemu kubwa ikawa imeoza. Wakulima wa Boonarga wakajenga jumba la mikutano, wakalipa jina la nondo yule.

Lakini nondo huruka. Kochinili jike hana mabawa, na watoto wake hupeperushwa na upepo hapa na pale tu. Lazima abebwe na watu. Kwa hiyo twaitaka Serikali iweke vitalu vya mdudu huyu karibu na wafugaji, na matawi ya chama yaitishe mikutano, vijana na akina mama wafundishwe: kata bapa lenye utando mweupe, liegemeze kwenye mpungate mzima. Wenye utando usichomwe moto. Na kazi ifanywe kiangazi, kwani mvua kubwa huwaosha wadudu.